Beryozovka Mbili za Wilaya Moja

Huu ni mwezi wa pili tangu nilipowakabidhi nyinyi vijana funguo za kabati la ofisi, na tayari mmeshanipigia simu mara tatu kuniuliza namna ya kuandika anwani ya kijiji cha Urusi. Mara ya tatu nilikuwa nanyolewa. Basi nimeamua kuandika yote kwa mkupuo mmoja, ili nyinyi mfanye kazi na mimi ninyolewe kwa amani.

Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vya jina tu, na mshahara wangu mke wangu aliujua kuliko mimi. Nitawaambia kazi ilivyokuwa, kisha nitawasimulia kosa moja nililolifanya, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha kuliko miaka yote iliyofuata.

Nilifika Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini, umri wangu miaka arobaini na ushei. Ujanani nilisomea upimaji wa ardhi huko Urusi, enzi za Usovieti, nikarudi nyumbani na cheti chenye herufi ambazo hakuna afisa aliyeweza kuzisoma. Bi Mwanaisha, Mzanzibari tuliyejuana Dar es Salaam, alikuwa na ofisi Guangzhou ya kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara wetu: jinzi za Xintang, mikoba ya Shiling, vyote vikiingia kontena bandarini Huangpu kwenda Dar na Unguja. Miaka ile Warusi nao walikuwa wanakuja kununua, na siku moja mmoja wao akapotea njia akaingia ofisini kwake. Bi Mwanaisha hakuelewa hata neno moja, akampa chai, akanikumbuka. Akanipigia simu.

"Bakari, hicho Kirusi chako bado unacho au ushakila?"

Nikamwambia ninacho, ila kimeingia kutu.

"Njoo nacho hivyo hivyo. Huku kina soko."

Siku ya kwanza alinipeleka chumba cha nyuma, akanikabidhi kwa Mzee Chen, mwandishi wa lebo. Mzee Chen alijifunza Kirusi shuleni zamani, nchi zao mbili zilipokuwa marafiki. Urafiki ulipovunjika akabaki na lugha mdomoni miaka mingi bila mtu wa kusema naye. Mimi Kichina sikukijua, yeye Kiswahili hakukijua, wala Kiingereza. Basi Mzigua wa Handeni na Mchina wa Guangzhou tukawa tunaongea Kirusi kutwa nzima, na Bi Mwanaisha akatubatiza jina la Wazimu Wawili.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kopo la wino mweusi, mafuta ya taa ya kuuchanganya, brashi fupi ya manyoya magumu, na vibao vya herufi. Kibao ni kartoni ngumu iliyopakwa nta, ambayo herufi zimetobolewa kwa kisu. Unakibandika kwenye boksi, unapitisha brashi, unakibandua. Mafuta ya taa yakizidi, wino unatambaa na herufi moja inageuka mbili. Mwezi wa tatu, kuta za Guangzhou zinapotoka jasho na sakafu inalowa bila mvua, wino haukauki kabisa. Hapo mnasubiri, au mnapepea kwa kifuniko cha boksi. Nyinyi mnabonyeza kitufe lebo inatoka imekauka. Siwaonei wivu, lakini mkono wa mtu anayepepea boksi nusu saa hupata nafasi ya kusoma alichoandika.

Sasa somo lenyewe. Mrusi huandika anwani kuanzia kikubwa kuja kidogo. Kwanza mkoa, wao huita oblasti. Kisha wilaya, wao huita rayoni. Kisha selsovieti, yaani baraza la vijijini, ambalo kwa hesabu zetu ni kata: ofisi moja, katibu mmoja, simu moja, na vijiji vitano au kumi na vitano chini yake. Kisha kijiji. Jina la mtu ndilo la mwisho kabisa. Nilipomwambia Mzee Chen kwamba kwetu tunaanza na jina la mtu, aliweka brashi chini akafikiri.

"Nyinyi mnamtaja mtu kwanza," akasema, "halafu ndipo mnamtafutia pa kumweka."

Kijiji chenyewe nacho kina aina zake. Kuna selo, kijiji kilichokuwa na kanisa; kuna derevnya, ambacho hakikuwa nalo; kuna posyoloki, makazi yaliyoota kando ya kiwanda au reli. Msijali kama kanisa lilibomolewa kabla bibi zenu hawajazaliwa. Kikiitwa selo, andika selo. Nchi inaweza kumsahau Mungu na bado ikakumbuka alipokaa.

Na majina, jamani, yanajirudia. Ukiona miti ya mibirchi, ile yenye magome meupe, watu wamekiita kijiji Beryozovka, na miti hiyo iko kila mahali. Msicheke. Sisi kila wilaya ina Majengo yake, Kibaoni yake na Mtakuja yake, na hakuna anayepotea kwa sababu barua zetu zinakwenda kwenye sanduku la posta la shule, la misheni au la mjomba. Kwetu kata ni mahali pa diwani na mikutano. Sijawahi kuona barua ya Handeni iliyofika kwa sababu mtu aliandika kata. Lishikeni hilo, kwa sababu ndimo nilimoangukia.

Mzee Chen alikuwa na sheria moja tu, na aliisema mara moja tu, siku ya kwanza. "Andika ulivyopewa. Mstari usiouelewa ndio uuandike kwa herufi kubwa zaidi."

Mteja niliyemzoea zaidi alikuwa Tamara Pavlovna. Warusi humheshimu mtu kwa kumwita jina lake na la baba yake. Kwa hiyo na yeye aliniita Bakari Salimovich, na marehemu mzee Salimu angecheka mpaka kikohozi kimshike. Alikuwa mwalimu wa jiografia kijijini. Watoto wakaisha, shule ikafungwa, akaingia kwenye jinzi. Alikuja Guangzhou mara mbili tatu kwa mwaka, alibeba mabunda ambayo wanaume wa sokoni waliyaogopa, na Kichina chake kilikuwa maneno mawili, tai gui, ghali mno, ambayo aliyasema kabla hajatajiwa bei.

Mwezi wa nane mmoja alikuja ofisini na boksi bapa, pana. Ndani mlikuwa na kiti cha magurudumu cha kukunja. Alikuwa amekuja nacho mwenyewe kutoka kiwandani Foshan, kwa basi, akiwa amekikalia njia nzima kwa sababu basi lilijaa.

"Cha mama," akaniambia. "Miguu imekataa tangu majira ya kuchipua. Kijijini wamebaki wawili, mama na jirani yake Klava. Wilaya inasema mama hawezi kupita baridi pale bila kutembea, watamhamishia nyumba ya wazee mjini. Klava anasema kama kuna kiti, yeye atamsukuma mpaka jikoni, mpaka kwenye jiko la kuni, wataishi. Kifike kabla ya theluji, Bakari Salimovich. Mama hataki kingine."

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Mimi ni mtoto wa watu waliohamishwa kupelekwa vijiji vipya. Mama yangu alikufa akikitaja kitongoji ambacho hakimo tena kwenye ramani yoyote, na mimi mpima ardhi nilishindwa kumwonyesha kilipokuwa. Nilimwambia Tamara kiti kitafika. Nilisema kwa moyo wote, na ahadi ya moyo wote ndiyo mbaya kuliko zote.

Akaniachia karatasi ya anwani na kuondoka kwenda kununua jinzi zake. Mkoa, wilaya, selsovieti ya Verkhnezarechensky, derevnya Beryozovka, jina la mama. Namba ya posta hakuandika, kwa kuwa posta ya kule ilishafungwa.

Siku ile mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi. Mzee Chen hakuwepo, alikwenda kwa binti yake aliyejifungua. Bi Mwanaisha akachungulia mlangoni.

"Bakari, closing ya mizigo bandarini Huangpu ni kesho saa nne. Boksi la yule bibi ushaliandika?"

"Naliandika sasa, Bi Mwanaisha."

"Liandike, kaka, gari linakuja. Meli haimngoji mwenye mwandiko mzuri."

Boksi lilikuwa jembamba ubavuni, na ubavuni ndiko anwani huonekana mizigo ikipangwa. Mistari minne iliingia, wa tano haukuingia. Ningeweza kutoboa kibao kipya cha herufi ndogo, kazi ya saa nzima. Nikatazama ile selsovieti, neno refu kama foleni, na kichwa changu cha Handeni kikaniambia: hiyo ni kata. Nani anahitaji kata? Mkoa upo, wilaya ipo, kijiji kipo, jina lipo. Nikauruka. Ile orodha ya kuambatana na mzigo nayo niliinakili kutoka kwenye boksi badala ya karatasi ya Tamara, kwa hiyo kosa likawa na pacha wake. Gari lilipoondoka nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Tamara alirudi mwezi wa kumi na mbili. Nilimjua kwa hatua zake ngazini, ila safari hii alikuja bila bunda. Akakaa kwenye benchi la chumba cha nyuma na koti lake mapajani. Mzee Chen akamwekea maji ya moto mbele yake, kama kawaida ya Wachina, na Tamara akaishika bilauri bila kunywa.

"Kiti hakikufika," akasema. "Walingoja mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Theluji ilipoanza gari la wilaya likaja, mama akachukuliwa. Klava peke yake hakuweza, akaenda kwa mwanawe. Sikuja kugombana. Nionyeshe tu mlivyoandika, nikaulize relini, wanakopokea mizigo ya meli."

Nikatoa nakala kwenye faili. Kabla sijampa nikaisoma, nikaona pale palipopungua. Nitawaambia ukweli, vijana wangu: mawazo yaliyonijia kwanza hayakuwa ya huruma. Niliwaza kwamba mizigo hupotea. Bandari si yetu, reli si yetu, forodha si yetu. Ningesema tutafuatilia, naye angeamini, maana Warusi wa miaka ile walishazoea kuambiwa tutafuatilia. Mzee Chen alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshasoma nakala ile kwa kupitia begani mwangu.

Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni, hakuelewa Kirusi, lakini sura zetu alizielewa. "Kuna nini?"

"Nimeacha mstari mmoja, Bi Mwanaisha. Wa kata. Kiti kimekwenda siko."

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi mwambie. Mficha uchi hazai."

Nikamwambia. Nikamwonyesha kwa kidole mahali pa mstari ule, nikasema niliuruka mimi, si Chen, si reli. Tamara aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kama mwalimu anayetazama daftari la mwanafunzi aliyemtegemea.

"Beryozovka ziko mbili katika wilaya yetu," akasema. "Kilomita tisini kati yao. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua."

"Wewe hukuhitaji kujua. Nilikuandikia."

Hilo lilinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma.

Saa tisa alasiri, kule kwao kukiwa ni asubuhi, tulipiga simu. Tuliitafuta wilaya, wilaya ikatupa namba ya selsovieti yenye ile Beryozovka nyingine, na baada ya milio mingi akapokea mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyetoka kukohoa. Ndiye katibu. Tamara alikaa karibu yangu na sikio lake ubavuni mwa simu. Nikajitambulisha, nikauliza kama walipata kiti cha magurudumu.

"Kiti?" akasema katibu. "Kipo. Kimekaliwa."

Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Boksi lilifika mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Jina lililoandikwa halikuwepo kijijini kwao. Akapiga simu wilayani kuuliza habari za Beryozovka ya pili, akaambiwa hiyo inafutwa kwenye orodha ya vijiji, haina watu.

"Walikuwa wawili," Tamara akasema kwa sauti ndogo, si kwa simu, kwa chumba.

"Nilikiweka wiki tatu kwenye korido, nikimngoja mwenyewe," katibu akaendelea. "Nina mtu hapa, Stepan, dereva wa trekta zamani. Hana miguu yote miwili, ameiomba wilaya kiti miaka minne. Alikuwa anakuja ofisini kwangu kuchukua pensheni kwa kutambaa na vibao viwili mikononi. Kila akija anakipita kile kiti, anageuza uso. Theluji ilipoanguka sikuweza tena. Nikampa. Ni cha nani?"

"Ni cha mama wa mtu aliye hapa karibu yangu," nikasema. "Kosa ni langu."

"Basi semeni. Nikimwambia Stepan ashuke, atashuka. Ni mstaarabu, hatauliza. Ila mniambie nyinyi nimwambie nini."

Simu ikawa inakoroma peke yake. Nilimgeukia Tamara. Nilitaka kumpa ushauri, nikaona nimeshapoteza haki hiyo. Mama yake alikuwa amelala mahali asipopataka kwa sababu yangu, na kiti chake halali kilikuwa mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka hapo.

Akanyoosha mkono nikampa simu.

"Mimi ndiye mwenye kiti," akasema. "Magurudumu yanazunguka vizuri? Moja la mbele lilikuwa linavuta kushoto, nililijaribu mwenyewe kiwandani."

Katibu akajibu kitu. Tamara akatikisa kichwa.

"Mwambie atie mafuta mepesi kabla ya baridi kali. Yale mazito yanaganda. Na breki ya kulia aikaze kwa mkono, asiikaze kwa koleo." Akasikiliza tena. "Hapana. Asishuke. Usimwambie kitu."

Akarudisha simu mahali pake mwenyewe, kwa uangalifu, kisha akalia. Hakulia sana. Bi Mwanaisha akaja akakaa naye kwenye benchi, akamshika mkono, wakakaa hivyo, mmoja akisema pole kwa Kiswahili na mwingine akiitikia kwa Kirusi. Mimi nilisimama nikiwa na brashi mkononi, sijui nani aliniambia niishike.

Kesho yake nilikwenda Foshan. Nilichagua kiti, nikakisukuma kwenye sakafu ya kiwanda huku na huku mpaka msimamizi akaniuliza kama nanunua kiti au nataka udereva. Nikakileta ofisini, na asubuhi hiyo hiyo, kabla sijaondoka, nilikuwa nimetoboa kibao kipya, herufi ndogo, mistari mitano. Mstari wa selsovieti niliutoboa wa kwanza. Verkhnezarechensky, herufi zote, hata zile zenye mikia ambazo huvunjika. Mzee Chen alikipokea, akakiinua kwenye mwanga, akasoma, akanirudishia bila kusahihisha. Kwa Mzee Chen hiyo ilikuwa sifa.

Tamara alipokuja nilimwonyesha boksi na kibao. Nilikuwa na fahari, nakiri. Nilidhani namwonyesha mtu aliyejifunza.

Akakisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Mkoa. Wilaya. Alipofika kwenye selsovieti kidole kikasimama.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Nimekiri kosa langu, Tamara Pavlovna. Safari hii hakitapotea."

"Najua." Akafungua mkoba wake akatoa kipande cha karatasi. "Lakini nyumba imekaa bila moto tangu mwezi wa kumi. Jiko limepasuka kwa barafu, Klava ameniandikia. Hata kiti kikifika, hakuna wa kumsukuma mama, na hakuna pa kumsukumia. Kule aliko wanamlaza ameelekea ukutani. Akiwa na kiti atafika dirishani."

Akanipa karatasi. Mkoa, wilaya, mji wa wilaya, mtaa, nyumba ya wazee, jina la mama. Nikaipitia mara mbili, kisha nikautafuta ule mstari nilioudharau mwezi wa nane, sikuuona. Nikauliza.

"Na selsovieti ni ipi hapa?"

"Mjini hakuna selsovieti, Bakari Salimovich," akasema. "Hapo huo mstari hauhitajiki."